Fidla Mbili Ndani ya Kinanda

Ndugu zangu, nianze na neno lenyewe. Leo tukisema kinanda, wengi wetu tunaliona kanisa. Lakini wazee wa pwani kinanda chao kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu yake gambusi. Neno lilihama kutoka kwenye nyuzi. Jioni hii nawaletea muziki uliohama vivyo hivyo: ulitungiwa fidla, ukaingia kwenye mabomba ya kinanda cha kanisani.

Tuko Weimar, Ujerumani. Mpiga kinanda wa ikulu, tangu 1708, ni Johann Sebastian Bach. Mwaka 1713 kijana wa nyumba ya watawala, Johann Ernst, anarudi kutoka masomoni Utrecht, Uholanzi, akiwa na shehena ya nota. Huko Uholanzi, mjini Amsterdam, ndiko Estienne Roger alikochapa koncheto 12 (muziki wa fidla zinazojibizana na okestra) za Mwitalia Antonio Vivaldi mwaka 1711. Na mjini humo humo mpiga kinanda kipofu, Jan Jacob de Graaf, alikuwa akizipiga koncheto za Kiitalia peke yake, bila okestra.

Bach akashika kalamu, akazigeuza koncheto za wengine zipigwe na mtu mmoja. Za kinanda tunazo tano: tatu zinatokana na Vivaldi, mbili na kijana mwenyewe, Johann Ernst, ambaye alifariki 1715 akiwa na miaka 18 tu. Mji ule ule, binamu yake Bach, Johann Gottfried Walther, naye alikuwa akifanya kazi kama hiyo.

Wapo wanaosema huku ni kunakili tu. Mimi sikubali hata kidogo, na nitawaonyesha kwa nini.

Chukueni ile ya ngazi ya D ndogo, iliyotokana na Vivaldi, yenye namba BWV 596 katika orodha ya kazi za Bach. Vivaldi anaanza na fidla mbili zikifukuzana juu kabisa, sauti moja ikimkanyaga mwenziwe kisigino. Ukitaka kuzipiga kama zilivyoandikwa, unakwama: vibao vya kinanda cha zama zile vinakwisha kabla fidla haijafika kileleni. Mtu mwingine angebadilisha wimbo. Bach hakubadilisha. Aliandika nota oktava moja chini, yaani nota zile zile kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaagiza yatumike mabomba ya futi 4, ambayo hulia oktava moja juu ya nota unayobonyeza. Vidole viko chini, sauti iko juu! Tena kila mkono aliupa safu yake ya vibao, ili fidla mbili zibaki mbili, zisigandamane. Miguuni, Principal, yaani safu kuu ya mabomba, ya futi 8 inagonga D ile ile, tena na tena.

Bach hakuwa na kawaida ya kuandika mabomba gani yatumike, alimwachia mpigaji. Hapa ameandika mwenyewe. Ndiyo maana ukurasa huu naupenda kuliko kurasa zake nyingi maarufu: unamwona fundi akikisia, akipima, akikataa kumpotezea Vivaldi hata nota moja.

Na mahali pengine anaongeza. Fidla inaweza kurudiarudia nota moja kwa kasi ikasisimua. Kwenye mabomba nota hiyo inafifia uhai. Basi Bach anaijaza kwa mwendo mpya katikati ya sauti. Na pale okestra nzima inapompisha fidla mmoja, yeye huhamisha mikono kwenye safu nyingine ya vibao, na sikio linasikia umati ukinyamaza.

Kisa cha karatasi yenyewe, aliyoiandika Bach kwa mkono wake, kinanisikitisha. Mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliandika juu yake kwa Kilatini kwamba kazi ni yake yeye, imenakiliwa kwa mkono wa baba. Alikufa maskini Berlin mwaka 1784. Mwaka 1844 kazi hiyo ikachapwa kwa jina la huyo mwana, na ni 1911 ndipo Max Schneider aliposahihisha kosa hilo. Kwa miaka yote hiyo watu waliipiga, wakaipenda, na Vivaldi hakutajwa.

Sasa nakwenda kukaa kwenye kinanda. Nitapiga ule mwanzo kwanza kwa mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha yote miwili. Sikilizeni wa kushoto unavyoingia.