Penseli ya Nyongeza

REHEMA: Usianze na penseli, Sudi.

SUDI: Naanza nazo! Wapendwa, Jumatano dada yenu kanituma Kariakoo nikamchukulie mzigo wa duka. Muuzaji kanipa karatasi: 1, 0, 0, 1. Nikasoma elfu moja na moja. Bei aliyotaja ni ya penseli 1,729! Nikamwambia, kaka, unanipiga.

REHEMA: Kampandishia mtu wa watu sauti. Karatasi ina safu nne: katoni, boksi, dazeni, moja-moja. Katoni ina boksi 12, boksi ina dazeni 12. 12 mara 12 mara 12 ni 1,728. Na moja.

SUDI: Ile moja ya nyongeza.

REHEMA: Iko wapi?

SUDI: Tutafika. Mwenzangu, ile ni 1,729 ya Ramanujan, yule mwanahisabati wa India! Hardy, mwanahisabati mwenzake Mwingereza, kaenda kumtazama hospitalini kule Putney, London, akalalamika kuwa namba ya teksi yake haina ladha. Ramanujan akakataa: ndiyo ndogo kuliko zote zinazopatikana kwa njia mbili ukijumlisha vipeo vya tatu viwili, yaani namba mara yenyewe mara yenyewe. 9 na 10, au 1 na 12.

REHEMA: 12 ya tatu ndiyo katoni.

SUDI: Na 1 ya tatu ni...

REHEMA: Penseli yangu.

SUDI: Tuendelee! Kwa dazeni inaandikwa 1001, inasomeka vilevile mbele na nyuma. Toa na jumlisha tarakimu kwa zamu: 1 toa 0, ongeza 0, toa 1. Sifuri! Basi inagawanyika kwa 13. Kwa hesabu yetu ya kumi, mbinu hiyohiyo hukamata 11.

REHEMA: Hayo mapambo ya maandishi tu. Sikiliza: jumlisha tarakimu za 1,729, unapata 19. Geuza, 91. 19 mara 91 ni 1,729. Tamu, eti? Sasa iandike kwa dazeni: tarakimu zinajumlika 2, na namba yenyewe ni witiri, kwa 2 haigawanyiki. Utamu wote umekwisha. Ilikuwa sifa ya nguo, si ya mtu.

SUDI: Lakini 13 haijaondoka! 7 mara 13 mara 19, uandike utakavyo. Nguo ya dazeni ndiyo imenionyesha mwili.

REHEMA: Ungegawa tu ungeiona.

SUDI: Nani angejaribu 13?

REHEMA: Mimi. Mwenye duka.

SUDI: Unakataa kwa sababu ya penseli.

REHEMA: Nakataa kwa sababu si kweli. Hiyo nini sikioni?

SUDI: ...Kalamu.

REHEMA: Ina kifutio, Sudi. Na umeitafuna.

SUDI: Nilikuwa nikikokotoa! Na kama namba haina umbo, mbona uliitambua karatasi mara moja?

REHEMA: Niliitambua karatasi. Sikuitambua namba.

SUDI: Hilo silikubali.

REHEMA: Usilikubali. Dakika ngapi zimebaki?

SUDI: Moja. Na hatujasema 10 na 11 zinaandikwaje kwa dazeni, kila moja kwa tarakimu moja, na niliwaahidi...

REHEMA: Ruka. Katoni ina 1,728 sasa. Andika karatasi upya.

SUDI: 1000. Hata mbele na nyuma haifanani tena.

REHEMA: Nani kaiharibu?