Kuingiza Windows Server 2022 kwenye ofisi yenye Server 2008 R2 bila kusimamisha kazi

Haya wadau, karibuni. Leo tuko Arusha mjini, chumba cha seva cha ofisi yenye kompyuta 34 na tawi moja Moshi. Kamera, shuka chini kidogo. Hiyo yenye vumbi ni SEVA1, Windows Server 2008 R2. Moshi ipo SEVA2, nayo 2008 R2. Hii ambayo bado ina nailoni ni SEVA3, Windows Server 2022. Tunataka SEVA3 iingie kwenye domeni ileile, yaani mfumo mmoja wa akaunti na sera za ofisi nzima, ikae na wazee wake kwa muda, halafu wazee wastaafu taratibu. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya 2008 R2 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo usiniulize kwa nini tunahangaika.

Kufunga seva kwenye raki, kuweka Windows, kupakua masasisho, hayo mnayajua. Nayaruka. Jina tu, lipe sasa hivi kabla ya kitu kingine chochote, na lisizidi herufi 15.

Kwanza bekapu. Ingia SEVA1, fungua dirisha jeusi (Command Prompt) kama msimamizi, andika:

wbadmin start systemstatebackup -backuptarget:E:

Hiyo E: ni diski ya nje. Kama amri haitambuliki, kipengele cha Windows Server Backup hakijawekwa, kiweke kwanza. Ikimaliza, chomoa diski uipeleke chumba kingine. Bekapu iliyolala juu ya seva yenyewe itaibiwa au itaungua pamoja nayo.

Sasa kiwango cha domeni, yaani toleo la zamani kabisa la Windows Server linaloruhusiwa kuiendesha. Kwenye PowerShell ya 2008 R2 anza na Import-Module ActiveDirectory, bila hiyo utaona maandishi mekundu tu. Kisha Get-ADDomain, tazama mstari wa DomainMode. Halafu Get-ADForest, tazama ForestMode. Server 2022 haikubali kitu chini ya 2008. Ukiona 2003 hapo, pandisha kwanza, na hakikisha hakuna seva ya domeni ya 2003 iliyobaki imejificha kwenye kona ya stoo.

Hapa sasa, tega sikio. Domeni hii ilizaliwa enzi za 2003 ikarithiwa na 2008 R2. Domeni za namna hiyo husambaza folda ya SYSVOL, ile ya sera na skripti inayotakiwa kufanana kwenye seva zote za domeni, kwa mfumo wa zamani, FRS. Server 2022 FRS haiijui kabisa. Ngoja niwaonyeshe kwa makusudi, nabonyeza kuipandisha SEVA3 iwe seva ya domeni... mmeona? Alama nyekundu, imegoma. Seva mpya haina ubovu wowote hapo. Wengi wakifika hapa hupiga simu dukani wakitaka kurudisha mzigo.

Rudi SEVA1. Tunaihamisha SYSVOL kwenda mfumo mpya, DFSR. Andika dfsrmig /getglobalstate. Ikikujibu Eliminated, wewe umeshavuka, sogeza video mbele. Ikisema uhamisho haujaanza, tuko wote.

Hatua ni tatu: 1, 2, 3. Ya 1 inatengeneza nakala ya SYSVOL kwenye folda mpya, SYSVOL_DFSR. Ya 2 inawahamishia watumiaji kwenye nakala hiyo. Ya 3 inafuta ile ya zamani. Kutoka 1 au 2 unaweza kurudi nyuma. Kutoka 3 HUWEZI. Narudia, ukishaandika 3 hakuna kurudi.

Andika dfsrmig /setglobalstate 1. Halafu usiguse. Andika dfsrmig /getmigrationstate usome jibu. Hapa inasema SEVA2 bado. Moshi ni kilomita kama 80 tu, lakini seva zilizo kwenye matawi tofauti zisipopangwa vingine huzungumza kila dakika 180. Yaani saa tatu nzima. Ukitaka kuharakisha, hapa SEVA1 andika repadmin /syncall /AdeP, na herufi kubwa na ndogo uziweke hivyohivyo, zina maana yake. Kisha ingia SEVA2 uandike dfsrdiag pollad. Rudi uulize tena.

Haya, sasa inasema seva zote zimefika. Angalia neno la mwisho: Succeeded. Ndipo uandike 2. Uliza tena, subiri Succeeded tena. Hakikisha na net share, mstari wa SYSVOL unatakiwa uelekee SYSVOL_DFSR. Muda wote huu mtu yeyote asibadilishe sera za kikundi (Group Policy), hata kama bosi anataka picha mpya ya skrini leo leo.

Na sasa usiandike 3. Kidole weka mfukoni. Acha ofisi ifanye kazi siku moja kwenye hatua ya 2, watu waingie asubuhi, printa zichape, Moshi nao waingie. Kesho, kama repadmin /replsummary haionyeshi kosa hata moja, hapo ndipo 3. Ukiandika 3 wakati tawi halijafika, seva ya tawi inabaki katikati na nakala ya zamani imeshafutwa.

Nimekata video hapa, hii ni siku ya pili. Hatua ya 3 imepita, Succeeded.

SEVA3. Anwani ya kudumu, 192.168.1.11. Kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, weka SEVA1, 192.168.1.10, basi. Tafadhali sana usiweke 8.8.8.8 kwenye kadi ya mtandao, hata kama ya pili. Siku kompyuta itakapoiuliza Google iko wapi ofisi.local, domeni yetu, Google itajibu haijui, na mtu atakaa dakika tano anaangalia skrini inazunguka. Hiyo 8.8.8.8 mahali pake ni kwenye Forwarders ndani ya DNS ya seva, pale inapopeleka nje maswali isiyoyajua.

Majira: kwenye orodha usitafute Dodoma, haipo. Chagua Nairobi, UTC+03:00. Na saa za Kiswahili seva haizijui, saa nane mchana andika 14:00.

Ongeza jukumu la AD DS, ndiyo huduma ya domeni, pandisha, chagua kuongeza seva kwenye domeni iliyopo. Neno la siri la DSRM, la kuingilia seva domeni ikiharibika, liandike, litie kwenye bahasha, bahasha iingie kabatini. Siku utakayolihitaji hakuna atakayelikumbuka. Ile adprep, ya kuiandaa domeni kwa seva mpya, si lazima tena kuiendesha kwa mkono, inajifanya yenyewe, ila akaunti yako iwe Schema Admins na Enterprise Admins. Next, next, inajizima na kuwaka yenyewe.

Eh! Umeme huo. Mnasikia UPS inavyolia? Tulieni, ina dakika ishirini.

Basi tuongelee saa papo hapo. Kamera, njoo karibu na SEVA1 iliyofunguliwa. Hicho kidude cha fedha, saizi ya kifungo cha koti, ni betri ya CR2032. Ikifa, seva ikizimika kabisa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Kerberos, mfumo wa domeni wa kuhakiki wanaoingia, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva, ikizidi hapo hakuna anayeingia, hata akiwa na neno la siri sahihi. Badilisha. Dukani kwetu zipo, maelekezo yako chini ya video, nimeshapiga debe langu.

Umeme umerudi. Tunahamisha kwenda SEVA3 majukumu matano makuu ya domeni (FSMO) kwa mkupuo, PowerShell ya SEVA3:

Move-ADDirectoryServerOperationMasterRole -Identity SEVA3 -OperationMasterRole 0,1,2,3,4

Thibitisha na netdom query fsmo, jina SEVA3 litokee mara tano. Kwa kuwa sasa SEVA3 ndiyo mkuu wa saa, ielekeze nje:

w32tm /config /manualpeerlist:"africa.pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update

Anzisha upya huduma ya w32time, kisha w32tm /query /source. Ikiendelea kusema Local CMOS Clock, huenda mlango wa UDP 123, unaopitisha saa, umefungwa kwenye ruta. Kwa SEVA1 weka /syncfromflags:domhier /reliable:no, imfuate mdogo wake.

DHCP, inayogawa anwani kwa kompyuta: chaguo namba 006, la seva za DNS, ongeza 192.168.1.11. Sekunde kumi, imekwisha. Na leseni: CAL (leseni za watumiaji au kompyuta zinazotumia seva) za 2008 hazifuniki Server 2022, nunua za 2022.

La mwisho ni mafaili. SMB ndiyo lugha ya kushirikiana mafaili. Windows 7 na 2008 R2 zinaongea SMB 2.1, hazina tatizo na seva mpya. XP, na fotokopi nyingi za zamani zinazoskani kwenda kwenye folda, zinajua SMB1 peke yake, na 2022 haiji nayo. Utashawishika kuirudisha. Usiirudishe, kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita mlango huohuo. Ndani ya Event Viewer fungua kumbukumbu za SMBServer, Operational, tafuta tukio 1001. Hili hapa, anwani 192.168.1.40. Hiyo ni fotokopi ya mapokezi. Ingia kwenye mipangilio yake, kama kuna sasisho linaloleta SMB2 liweke, kama hakuna ibadilishe itume kwa barua pepe. Kisha izime, iwashe, skani karatasi moja. Imefika.