Tundu Dogo Kama la Sindano

Marahaba, vijana. Kaeni, hata juu ya matairi kaeni, maana nitaanzia hapo hapo. Tairi la gari dogo mnalijaza upepo ngapi? Thelathini, thelathini na tano. Haya. Kwa kipimo hicho hicho, kimiminika chenye presha ya 100 tu kinaweza kutoboa ngozi ya mtu. Mashine ya kupulizia rangi isiyotumia upepo hufanya kazi kwenye 3,000 hivi. Bomba la grisi la mkono linaweza kufika 10,000. Injini za dizeli za siku hizi, zile za komoni reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, zinapita 20,000. Halafu wewe unaniambia umevaa glavu!

Niliyemwona akiumia alikuwa fundi hodari kuliko mimi. Nozeli, ile ncha inayopulizia dizeli ndani ya injini, iko kwenye mashine ya kupimia, yeye akapitisha kidole cha shahada cha kushoto. Akahisi kama kaumwa na siafu. Akajifuta kwa tambara, kazi ikaendelea, chai tukanywa. Jioni kidole kimevimba, kinapwita, hakikunjiki. Zahanati wakaona kitundu kisichotoa hata damu, wakapaka dawa, wakampa vidonge vya maumivu. Kesho yake alipopasuliwa, dizeli ilishafuata njia za kano mpaka kiganjani. Kidole kilikatwa.

Simlaumu sana muuguzi yule. Jeraha lenyewe ni laghai: nje tundu la sindano, ndani nyama inakufa. Rangi na thina zinachoma vibaya kuliko grisi. Madaktari waliliandika jeraha hili tangu 1937, nalo lilikuwa la dizeli vilevile.

Kwa hiyo ukichomwa usingoje uvimbe. Nenda papo hapo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Yakipita masaa 6 hivi, nafasi ya kuokoa kidole inapungua. Usiseme "nimejikata". Sema mashine ya presha imenipiga rangi ndani ya mkono, na kopo lake ulibebe walisome. Usikikamue, usiweke barafu. Usile njiani pia, huenda ukalazwa usingizi.

Mpira wa mashine ukivuja, usiupapase. Pitisha kipande cha boksi, kitoboke chenyewe.

Sasa ncha ya bunduki ya rangi kuziba. Hapa ndipo wapaka rangi wanapoumia, kwa sababu mwenye nyumba amesimama mlangoni anaangalia saa, nawe unataka kuizibua kwa kidole. Kuzima mota peke yake hakutoshi, presha inabaki ndani ya mpira. Funga kifyatulio, zima, fungua vali ya kushusha presha. Kisha gusisha bunduki ya rangi kwenye ukingo wa ndoo ya chuma, fyatua mpaka ikome, ufunge tena. Ndipo uiguse ncha.

Mashine ile pale imezimwa tangu asubuhi. Nani ana hakika haina presha? Wewe mwenye fulana nyekundu, njoo. Hapana, usiishike bado. Lete ndoo kwanza.