Kuwaingiza Wanafunzi katika "Juliasi Kaizari" kwa Simu Moja na Makundi ya Utafiti

Walimu wenzangu mnaofundisha fasihi hapa Uganda, karibuni. Katika video hii ninawaonyesha jinsi ninavyowaongoza wanafunzi wa kidato cha tatu kuingia katika tamthilia ya William Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ninatumia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyochapishwa mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Huwa nawaeleza mapema kwamba mfasiri huyo alisoma Makerere, papa hapa kwetu, na tangu hapo kazi hiyo haiwi tena ya watu wa mbali.

Namna ya kuligawa darasa mnaijua. Makundi yawe manne. Matini yote ipakuliwe siku iliyotangulia na kuwekwa kwenye flashi, ili kipindi kisitegemee bando.

Sasa tuje kwenye maswali, maana hapa ndipo penye kazi. Ukiliambia kundi litafute habari za Shakespeare, litanakili ukurasa mzima na kuusoma mbele ya wenzao, na kesho yake hakuna atakayekumbuka neno. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake litabadilisha uigizaji. Kundi la kwanza nalipa maelezo ya Thomas Platter, msafiri wa Uswisi aliyeitazama tamthilia ya Julius Caesar jijini London tarehe 21 Septemba 1599, na nawauliza ilichezwa saa ngapi na kwa waigizaji wangapi. Watakuta kwamba ilikuwa yapata saa nane mchana, na waigizaji walikuwa kama 15 tu, ilhali wahusika ni wengi kuliko hao. Basi kundi lenyewe litaamua ni nani acheze nafasi mbili au tatu, na litaelewa kwamba mchezo huu hauhitaji taa.

Kundi la pili linasoma Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale aliyeandika maisha ya Caesar, ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, na mazishi yalifanyika siku kadhaa baadaye. Katika tamthilia, hotuba za mazishi zinafuata mara tu baada ya mauaji. Msiwape sababu. Waacheni wabishane mpaka wao wenyewe waone jinsi umati ambao bado umeshtuka unavyogeuzwa kirahisi.

Samahani, watazamaji, picha imeingia giza kwa kuwa umeme umekatika na projekta imezimika. Tunaendelea. Fungueni madirisha, tafadhali, na kila kundi lisome kwenye kompyuta ya mkononi iliyo karibu nalo. Flashi inatusaidia sasa hivi.

Kundi la tatu linatafuta kitu ambacho hakikuwapo Roma ya kale, kwa kutumia kitufe cha kutafuta ndani ya matini. Watakiona katika tendo la pili, onyesho la kwanza, pale saa inapogonga huku wapangaji wa njama ya kumuua Caesar wakizungumza. Furaha ya mwanafunzi aliyemgundua Shakespeare akiweka saa ya kugonga mahali isipokuwapo ni kubwa mno. Usimnyime kwa kumtangulia kusema.

Kundi la nne linapewa hotuba mbili za tendo la tatu, onyesho la pili. Katika matini ya Kiingereza, Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anazungumza kwa nathari na Antony, rafiki wa Caesar, kwa ushairi, tena Antony anarudia kumwita Brutus mtu wa heshima mpaka sifa hiyo inageuka shutuma. Mimi nampenda Antony kuliko wote, kwa hiyo hotuba yake ndiyo tunayoirekodi, darasa zima likiwa umati.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, iweke simu katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya hotuba, kurekodi kunaweza kukatika, na umati uliokwisha kupandwa na hasira hauwezi kuamshwa tena kwa namna ile ile. Hali ya ndege, tafadhali. Kisha simu ikae juu ya dawati, hatua moja kutoka kwa Antony, tundu la kipaza sauti likimwelekea na lisizibwe na kidole. Umati usimame nyuma, karibu na ukuta, kwani wakisogea watamfunika. Chagueni wakati ambapo hakuna mvua, kwa kuwa bati humeza kila neno. Haya, Antony yuko tayari… subiri kwanza, hebu tuangalie ile alama ya ndege juu ya kioo. Ipo. Anza.

Mmesikia jinsi walivyolipuka aliposoma wosia wa Caesar, kwamba kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75? Hakuna aliyewaelekeza kupiga kelele; kundi la pili lilikuwa limewaeleza kiasi hicho kutoka kwa Plutarch, na walikuwa wakikingoja.

Sikilizeni rekodi pamoja na mlipe kila kundi nafasi ya kusema ni wapi utafiti wake umesikika na wapi haukusikika. Palipopwaya parekodiwe upya, simu ikiwa bado katika hali ya ndege. Baada ya hapo hifadhini faili kwa jina la tendo na onyesho, na mnakili kwenye flashi ya kila kundi, kwa sababu kipindi kijacho tunaingia onyesho la tatu, ambapo umati huo huo unamuua Cinna mshairi.