Likizo ya Shambani: Nani Yuko na Mtoto?

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na nyote kwa ujumla, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa nizungumzie watoto wadogo na shamba katika msimu huu wa joto. Mimi ni bibi shamba, yaani afisa ugani, si daktari. Kazi yangu ni kuingia kwenye mashamba ya watu, Chanika, Msongola, Mabwepande, na kule Kigamboni hadi Kimbiji, naulizwa habari za mdudu kantangaze kwenye nyanya na ugonjwa wa mdondo kwenye kuku. Lakini ukikaa na watu shambani, huoni nyanya peke yake. Unaona na watoto.

Shule zikifunga mwisho wa mwaka, nusu ya jiji hili la Dar es Salaam inahamia shamba. Vuli inaelekea kwisha, kaskazi imeshaanza kuvuma, maembe yameiva. Babu yupo, bibi yupo, mashangazi, binamu, magodoro juu ya gari. Mtoto aliyezoea kibaraza chenye geti kule Tabata anaachiwa ekari tatu. Ukimuuliza mzazi kama hana wasiwasi, anakwambia: huku hewa safi, na watu ni wengi.

Hewa safi sina ugomvi nayo. Hilo la watu wengi ndilo nimekuja kulipinga.

Chukueni saa nne asubuhi. Baba yuko na fundi wa pampu. Mama na mawifi zake wako jikoni, wanapikia watu kumi na tano. Bibi anachambua choroko. Mjomba amelala, alifika usiku. Sasa uliza mtoto yuko wapi. "Si yuko na shangazi?" Shangazi anasema, "Mimi nilijua yuko na bibi." Watu wazima saba, kila mmoja ana hakika, na mtoto wa miaka miwili hayuko na mtu. Mjini mngekuwa wawili tu na dada wa kazi, na mngejua zamu ya nani.

Hili si jambo la uzembe wa Watanzania. Bangladesh ni nchi ya mito na mabwawa, nyumba nyingi za vijijini zina bwawa karibu na mlango. Waliochunguza vifo vya watoto kule walikuta wengi wanazama asubuhi kuelekea adhuhuri, karibu na nyumbani, mama akiwa kwenye kazi zake. Walichofanya ni kuanzisha vituo vya kulelea watoto vijijini kwa saa zilezile, mama mmoja akae na watoto wa majirani, asifanye kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza jambo hilo kwa watoto ambao hawajaanza shule. Tazameni vizuri: hawakuanza na uzio. Walianza na mtu.

Basi na sisi tuanze hapo. Kila saa, mtoto awe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Ukitaka kwenda chooni, unamkabidhi: "Mama Rehema, huyu ni wako sasa," naye aitikie. Kutikisa kichwa huku macho yako kwenye simu si kuitikia. Na tafadhali, mtu huyo asiwe dada yake wa miaka minane. Wa miaka minane naye ni mtoto, naye amekuja kula maembe.

Nani hasa wa kumchunga kwa karibu? Anayeanza kutambaa hadi wa miaka mitatu hivi. Huyu ana miguu, hana akili ya hatari. Na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo ya lita 20 kuchezea maji anatumbukia kichwa kwanza, na hana nguvu ya kujinyanyua. Maji yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Kwa hiyo unaposikia watu wanazungumzia kisima, ongezeni ndoo, beseni, pipa, shimo la mboji lililojaa maji ya vuli, na hilo bwawa la sato mlilochimba juzi. Kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuusukuma. Bati lililolazwa na kuwekewa tofali si mfuniko.

Sasa dawa za kuulia wadudu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipo.

Stoo ya shamba la familia, likizoni, mara nyingi ndicho chumba wanacholala watoto, kwa sababu wageni wamezidi. Chini ya kitanda kuna gunia la mbegu, bomba la mgongoni la kupulizia dawa la lita 16, na dawa. Dawa yenyewe haiko kwenye chupa yake. Chupa nzima ni ghali, mkulima amepimiwa kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kizibo kilekile cha bluu. Na dawa nyingi za majimaji zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Mtoto ana kiu, joto limefika nyuzi 32, anaona chupa anayoifahamu. Mtamlaumu nani?

Dawa isihamishwe kutoka chombo chake. Chupa yenye lebo ina mstari wa rangi chini: mwekundu ndiyo kali kuliko zote, halafu njano, halafu bluu, halafu kijani. Na msidanganywe na kijani, kijani haina maana ya sharubati. Iwekeni kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, juu. Bomba lisioshewe kwenye bomba la maji wanalochezea watoto. Aliyepulizia avue nguo na kuoga kabla hajambeba mwanawe. Na shamba lililopuliziwa leo, watoto wasiingie mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Ndiyo maana nasisitiza lebo.

Akinywa, msimtapishe. Msimpe maziwa, msimpe mafuta ya kula, msimkorogee mkaa. Kama imemmwagikia, mvueni nguo na mmwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kisha hospitali, na chupa mkononi, kwa sababu daktari anahitaji kujua ni sumu gani, na chupa ya maji ya kunywa haitamwambia kitu. Mate yakimtoka mengi, jasho likimwagika, mboni za macho zikasinyaa, hakuna cha kusubiri gari la mjomba lirudi na vocha.

Kuna sumu nyingine ambazo hamkuzinunua. Uzio wa mibono kaburi ni mzuri, mbuzi hawali, lakini mbegu zake watoto wanazila, ladha si mbaya, baada ya muda wanaanza kutapika na kuharisha. Muhogo mbichi ule mchungu una sayanaidi, na mtoto wa mjini hajui mchungu na mtamu ni upi. Hata mtu mzima wa mjini hajui, tusemezane ukweli.

Joto lenyewe halina siri nyingi. Kazi za shamba zianze saa kumi na mbili, zikome saa nne, zirudi saa kumi jioni. Katikati hapo mtoto akae chini ya mwembe au kwenye banda la makuti. Chumba cha bati kisicho na dari mchana ni tanuri. Mtoto wa mgongoni asifunikwe khanga hadi kichwani: joto lako unampa, na hewa unamnyima. Asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata "dakika mbili". Na aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Najua bibi atasema Desemba hii mtoto atakauka, apewe maji kijiko kimoja. Hahitaji. Mnyonyesheni mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji.

Sasa msije mkasema bibi shamba amekuja kututisha. Mimi nataka watoto wafike shamba, na nataka wafanye kazi. Mtoto wa miaka minne anayekaa kwenye mkeka na katuni kwenye simu, mmemleta kufanya nini?

Mpeni tuta la mchicha, hatua moja kwa mbili, liwe lake. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, changanyeni na mchanga mkavu kwenye kikombe, ndipo amwage kwa vidole vyake. Mwagilieni asubuhi na jioni. Siku ya nne au ya tano atakuja kuwaamsha, vimetoka. Uzuri wa mchicha ni kwamba wiki tatu hadi nne unavunwa, yaani ndani ya likizo hiyohiyo. Pilipili hoho haiwezi kumsubiri mtoto. Atang'oa mchicha akidhani ni magugu, mwacheni. Na mboga aliyoipanda mwenyewe ataila. Nimewaona watoto ambao mama zao waliapa kwamba hawali majani.

Mayai pia. Mtoto wa miaka minne anaweza kuokota mayai akiwa na mtu mzima, ilimradi kuku anayeatamia asiguswe, yule hana utani. Baadaye mikono ioshwe kwa sabuni. Anayetambaa asitambae mahali kuku wanapozurura, kinyesi kinaishia mdomoni na kuhara kunaanza. Nyumbani muwe na ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha.

Ila kuna mpaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka umri wa kuajiriwa kuanzia miaka 14, na kazi za hatari haziruhusiwi hata kwa aliyefika umri huo hadi atimize 18. Mwingine atasema, huyu ni mwanangu, sijamwajiri. Sawa. Bomba la dawa halijui mwana na kibarua.

Viatu: vya kufunika, si kandambili, kwa ajili ya miiba na minyoo ya safura. Viatu vyeupe viachwe Mbezi Beach. Nyoka: fyekeni kuzunguka nyumba, kuni zisirundikwe ukutani, mtoto asichokonoe shimo. Mbwa wa jirani akimng'ata, hata mkwaruzo mdogo, osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha akachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Chandarua mnakiacha mjini kila mwaka, sijui kwa nini. Kipakieni kwanza, kabla ya jiko la mkaa. Na mtoto akipata homa mkiwa shamba au wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria bila kuchelewa, na mwambieni daktari alikuwa wapi.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mbwa. Karibu, baba, uliza.