Harufu Haiui Nondo

Mbukwenyi! Swali ninaloulizwa na wakulima wa zabibu ni hilohilo: hiyo harufu ya nondo jike inayofungwa shambani kuzuia nondo waharibifu, inaua? Haiui.

Nondo jike akitaka dume hutoa harufu kidogo mno, na dume huifuata kwenye upepo mpaka amfikie. Harufu ya kwanza ya namna hiyo, ya nondo wa hariri, ilitambuliwa mwaka 1959 na Adolf Butenandt wa Ujerumani, baada ya kukamua majike karibu 500,000. Siku hizi harufu za nondo waharibifu zinatengenezwa kiwandani, zinatiwa kwenye vijirija vya plastiki na kufungwa kwenye matawi. Mashamba ya zabibu ya Ulaya hufunga kama 500 kwa hekta, yaani 200 hivi kwa ekari. Shamba zima linanukia jike, dume anahangaika usiku kucha asijue aende wapi, na jike anakosa wa kumpanda.

Msichanganye na mtego ule wa harufu mnaouweka kwenye nyanya kwa ajili ya kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya. Mtego unakuonyesha mdudu yupo. Unanasa madume kadhaa, lakini dume mmoja aliyebaki anatosha majike wengi. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo! Na kantangaze ni mkorofi zaidi: maabara zimeonyesha jike wake anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa bila dume.

Mimi namwogopa zaidi yule nondo wa machungwa, mzaliwa wa Afrika hii hii, anayekula pia parachichi, pilipili na hata zabibu. Kiwavi wake akishaanguliwa anatoboa na kuingia ndani ya tunda. Hapo utapiga dawa juu ya ganda, yeye yuko ndani anakula. Afrika Kusini wanamzuia kwa vijirija hivi kwenye machungwa.

Sasa, upepo wa Dodoma mnaujua. Ukiwa na nusu ekari yako Hombolo, harufu inapeperuka, na jike aliyekwisha kupandwa kwenye mpera wa jirani anaingia kwako na mayai yake tayari. Wataalamu hutaka walau hekta 4 zinazopakana. Kule Trentino, Italia, wakulima wameyafunika mabonde karibu yote kupitia ushirika. Kwa hiyo mtu mmoja mmoja asinunue, atatupa pesa. Mashamba ya pamoja kama Chinangali ndiyo ya kuanzia. Tena vifungwe kabla nondo hawajaanza kuruka, na palipojaa wadudu, wapunguzwe kwanza kwa dawa.

Haya, maswali. Mama wa kule nyuma, karibu.