NAS ya zamani na Windows mpya: kuzipatanisha bila kuiwasha SMB1

Leo tunashughulika na NAS ya zamani, lile boksi la diski linalokaa kando ya ruta, ambalo kompyuta mpya inakataa kulifungua. Mfano wetu ni D-Link DNS-320, lakini hatua hizi zinafaa kwa boksi lolote linalojua SMB1 peke yake, yaani toleo la kwanza la SMB, itifaki ambayo Windows huitumia kufungua faili kwenye mtandao.

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Kama nyumbani kuna kompyuta ya zamani ambayo bado inalifungua boksi, itumie hiyo. Kama hakuna, washa FTP, njia nyingine ya kuhamisha faili, kwenye ukurasa wa usimamizi wa boksi, kisha uzivute faili kwa programu ya FileZilla. Diski iliyozunguka miaka mingi inaweza kufa wakati wowote, na RAID 1 (diski mbili zenye nakala ileile) haitakuokoa faili ikifutwa kwa bahati mbaya. Tafadhali usiiruke hatua hii.

Sasa tutambue tatizo. Kwenye Windows, fungua kidirisha cha faili, andika `\\` ikifuatiwa na anwani ya IP ya boksi, bonyeza Enter, usome ujumbe unaotokea. Ukitaja SMB1, tumepata chanzo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia udhaifu wa SMB1, na Oktoba mwaka huohuo Windows 10 toleo 1709 ikaanza kuiondoa. Hata pale inapokuwa bado imo, inaweza kujiondoa yenyewe isipotumika kwa siku 15. Ndiyo maana boksi huonekana wiki hii, likapotea baadaye.

Ujumbe ukisema sahihi ya kriptografia si halali, hilo ni jambo jingine: Windows 11 Pro toleo 24H2 inadai mawasiliano yote ya SMB yawe na sahihi. Anza kwa kutafuta sasisho la programu ya boksi. Na kama boksi lako ni la Synology, ingia Control Panel, File Services, SMB, upandishe itifaki ya juu iwe SMB3. Huenda kazi ikaishia hapo.

Kwa boksi lisilo na chaguo hilo, watu wengi huiwasha SMB1 kwenye Windows. Sishauri. Unailegeza kompyuta unayofanyia kazi za benki kwa ajili ya boksi moja. Tutaweka Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayotumia Linux, katikati iwe mkalimani: upande mmoja inaongea SMB1 na boksi, upande wa pili SMB3 na kompyuta zako.

Kwanza, ukiwa bado kwenye mtandao wa nyumbani, lipe boksi anwani ya kudumu 192.168.32.2. Kisha chomoa kebo yake kwenye ruta uichomeke moja kwa moja kwenye Pi. Kebo ya kawaida inatosha. Pi yenyewe itaingia kwenye mtandao wa nyumbani kwa Wi-Fi. Kuanzia hapa boksi halina njia ya kufika intaneti, na hilo ni muhimu sana: Aprili 2024 ulitangazwa udhaifu CVE-2024-3273 unaozigusa DNS-320 na ndugu zake, na D-Link ikasema haitatoa marekebisho kwa sababu vifaa hivyo vimekwisha muda wake.

Kwenye Pi, tazama jina la muunganisho wa kebo kwa `nmcli con show`, kisha uupe anwani. Usiweke lango la kutokea:

`sudo nmcli con mod "JINA" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.32.1/24`
`sudo nmcli con up "JINA"`

Sakinisha programu mbili, tengeneza folda, na uifunge:

`sudo apt install samba cifs-utils`
`sudo mkdir /mnt/nas`
`sudo chattr +i /mnt/nas`

Amri ya `chattr` wengi hawaiweki. Bila hiyo, siku boksi likiwa limezimwa, faili zako zinaweza kuandikwa kwenye kadi ya SD ya Pi nawe ukidhani ziko kwenye NAS.

Andika jina na nenosiri la boksi ndani ya `/etc/nas.cred`, mstari wa `username=` na mstari wa `password=`, ukiifunga kwa `sudo chmod 600 /etc/nas.cred`. Halafu ongeza mstari huu mmoja, unaoliunganisha boksi na folda ya `/mnt/nas`, kwenye `/etc/fstab` (`Volume_1` ni jina la folda iliyoshirikishwa kwenye boksi):

`//192.168.32.2/Volume_1 /mnt/nas cifs vers=1.0,sec=ntlmssp,credentials=/etc/nas.cred,uid=1000,gid=1000,noserverino,_netdev,noauto,x-systemd.automount 0 0`

Washa Pi upya, kisha `ls /mnt/nas`. Diski zikiwa zimelala, subiri kidogo ziamke. Ukiona kosa namba 112, "Host is down", boksi si lazima liwe limezimwa; mara nyingi umesahau `vers=1.0`. Kosa namba 13 ni nenosiri au `sec`. Usijaribu `sec=ntlm` ya kwenye maelekezo ya zamani, maana iliondolewa kwenye Linux 5.15.

Faili zikionekana, fungua `/etc/samba/smb.conf`. Chini ya `[global]` weka `server min protocol = SMB3`, na mwisho wa faili ongeza:

`[Nyaraka]`
`path = /mnt/nas`
`read only = no`
`valid users = JINA_LAKO`

JINA_LAKO liwe la mtumiaji mwenye namba 1000, yaani yule wa kwanza uliyemtengeneza kwenye Pi. Ukitumia mwingine, kusoma kutakubali na kuandika kutagoma. Mpe nenosiri kwa `sudo smbpasswd -a JINA_LAKO`, kagua makosa kwa `testparm`, umalizie kwa `sudo systemctl restart smbd`.

Rudi kwenye Windows, fungua `\\` na anwani ya Wi-Fi ya Pi, ingia kwenye Nyaraka. Fungua PowerShell kama msimamizi uandike `Get-SmbConnection`. Safu ya Dialect, yaani toleo la SMB linalotumika, ikionyesha 3.1.1, mambo yamekaa sawa. Nakili faili moja kubwa kwenda na kurudi. Ukiona inasuasua, Wi-Fi ndiyo inayobana, hivyo nunua adapta ya USB ya Ethernet uiunganishe Pi na ruta kwa kebo.